Wasomaji Wanauliza: Mawe Kwanza, Taa Baadaye

Toleo lililopita tuliwaomba wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani watutumie maswali kuhusu kupanga mawe na kuchagua taa. Barua nyingi zimeulizia taa. Sisi tunaanza na mawe, kwa sababu taa isiyofaa inabadilishwa kwa dakika tano, lakini jiwe lililokaa vibaya chini ya lita 200 za maji ni shughuli ya Jumamosi nzima, tena ukiwa na bahati.

Nina tangi la sentimita 120 kwa 40, kimo 50, kioo cha milimita 10. Hapa kwetu mawe ya itale (graniti) yamejaa kila upande, nataka kujenga mlima wa kufugia furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Jirani ananitisha kuwa kioo cha chini kitapasuka. Niweke kilo ngapi?
*Msomaji wa Ilemela, Mwanza*

Jirani yako hajakosea kuogopa, ila kilo si shida. Kioo hupasuka pale uzito unapokaa kwenye ncha moja. Jiwe la kilo 12 lililosimama kwenye kijipembe chenye upana wa ukucha ni hatari kuliko kilo 60 zilizolala vizuri.

Tupige hesabu. Ukijaza maji hadi sentimita 5 chini ya ukingo, tangi lako linabeba karibu lita 197. Itale ina uzito wa karibu kilo 2.7 kwa kila lita ya ujazo wake, kwa hiyo kilo 60 za mawe zinachukua nafasi ya lita 22 za maji. Ndani ya maji kilo hizo 60 zinakikandamiza kioo kwa uzito wa kama kilo 38 tu. Zingatia hapo: jiwe ni zito zaidi wakati tangi ni kavu, yaani wakati ule ule unapolishika kwa mikono miwili na linataka kuteleza. Vioo vingi hupasuka siku ya kupanga, maji yakiwa bado kwenye ndoo.

Kwa tangi la ukubwa huo, kilo 50 hadi 60 zinatosha kabisa. Jumlisha mchanga kilo 22, kioo chenyewe kilo 52 hivi, na maji yanayobaki: unapata kama kilo 300 kabla ya kuhesabu meza. Kwa hiyo kagua meza kabla ya mawe. Juu iwe na plaiwudi ya milimita 18, uiwekee pimamaji ya fundi kwa urefu na kwa upana, kisha tandika godoro jembamba la povu la milimita 10 chini ya tangi. Haya ni kwa tangi lisilo na fremu, ambalo kioo cha chini kinalala chote juu ya meza. Kama tangi lako lina fremu ya plastiki na kioo cha chini kinaning'inia bila kugusa kitu, usitie povu chini yake, na punguza mawe hadi nusu.

Ndani, weka ubao kati ya kioo na mawe. Watu hutumia stairofomu ya maboksi, lakini furu na jamaa zake ni wachimbaji. Wakishaifikia, punje nyeupe zitaelea tangi zima. Bora ubao wa plastiki wa milimita 5 wanaotumia mafundi wa mabango. Ukate uwe mfupi kwa sentimita 5 upande wa mbele ili usionekane, na uushikilie kwa matone machache ya silikoni kwa sababu nao huelea.

Mawe yakae juu ya ubao, mchanga uje mwisho. Anayetangulia kumwaga mchanga halafu akapanga mawe juu yake amejenga nyumba isiyo na msingi: samaki mmoja akichimba usiku, mlima unalala juu ya kioo cha mbele.

Usianze kupanga ndani ya tangi. Chora sakafuni kwa chaki mstatili wa sentimita 118 kwa 38, ambao ndio upana wa ndani. Acha sentimita 6 mbele na 5 nyuma ili sumaku ya kusafishia kioo ipite na maji yazunguke. Unabaki na ukanda wa kina cha sentimita 27, na hapo ndipo wengi hushtuka kuona jinsi ulivyo mwembamba. Chagua mawe matatu ya msingi ya kilo 10 hadi 12, yalaze kwa upande wao mpana. Kila jiwe la juu liguse ya chini mahali patatu. Bonyeza juu kwa kiganja, usukume kushoto na kulia. Likicheza hata kidogo, ligeuze. Usilizibe kwa kipande cha kokoto, maana hicho ndicho samaki watakachokihamisha kwanza. Jiwe lisiegemee kioo popote. Kimo cha mlima kisizidi sentimita 35. Ukiridhika, piga picha, andika namba kwenye kila jiwe kwa chaki, ubomoe, kisha ujenge upya ndani ya tangi kuanzia namba moja.

Silikoni tumia kwa mawe madogo ya juu tu. Mawe yawe yameoshwa na kukauka siku mbili, kwani silikoni haishiki vumbi. Nunua ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, inayonuka kama siki. Iache saa 48. Ikiwa tabaka ni nene, subiri wiki, hadi harufu iishe kabisa. Jiwe la zaidi ya kilo 5 lisitegemee gundi hata siku moja.

Kuhusu sura: tumia aina moja ya jiwe, na kama lina mistari, mistari yote ielekee upande mmoja. Jiwe kubwa kuliko yote likae theluthi moja kutoka ukingo mmoja, si katikati. Wajapani, hasa Takashi Amano (1954–2015), walilifanya jambo hili kuwa sanaa yenye majina kwa kila jiwe. Wewe uko Mwanza. Nenda ufukweni ukaangalie jinsi majabali yanavyobebana, makubwa chini, yaliyoviringika yakiwa yamejibana kwenye mianya. Hakuna kitabu kitakachokufundisha zaidi ya hapo.

Wandugu, jambo. Huku kwetu tunapata mawe mazuri ya malakiti, ya kijani yenye miviringo. Nimeyajaribu kwa siki yakatoa mapovu, nikaambiwa hiyo ni dalili ya chokaa na samaki wa Tanganyika wanapenda chokaa. Nimetia matatu. Konokono wote wamekufa, samaki bado wako. Ni maji au ni mawe?
*Msomaji wa Lubumbashi*

Ni mawe. Yatoe leo.

Kipimo cha siki kinaonyesha kaboneti, na chokaa ni kaboneti ya kalisi. Malakiti nayo ni kaboneti, ila ya shaba. Siki haiwezi kukutofautishia hizo mbili. Zote zinatoa mapovu. Shaba iliyoyeyuka ni sumu ya konokono na kamba kabla ya kuwa sumu ya samaki, ndiyo maana kopa sulfeti ilitumika zamani kuua konokono wa kichocho. Konokono wako wamekupa taarifa mapema. Maji yenye chumvichumvi nyingi na pH (kipimo cha asidi) ya juu, kama ya samaki wa Tanganyika, huyeyusha shaba polepole, na hilo ndilo limewaokoa samaki wako hadi sasa. Ungekuwa na maji laini yenye asidi kidogo, barua yako ingekuwa na habari nyingine.

Baada ya kutoa mawe, badilisha asilimia 30 ya maji kila siku kwa siku tano, na weka mkaa maalumu wa kuchujia kwenye kichujio, uubadilishe baada ya wiki. Mchanga nao hushika shaba. Kama unaweza, utoe uuoshe. Usirudishe konokono kabla ya kipimo cha shaba kusoma sifuri.

Kanuni kwa wakazi wote wa ukanda wa migodi, kuanzia Kolwezi na Likasi: jiwe la kijani kibichi, la buluu kali, lenye mng'ao wa dhahabu au lenye michirizi ya kutu lisiingie kwenye maji ya samaki. Vivyo hivyo kwa wenzetu wa Geita na Chunya: msiokote mawe karibu na mahali wachimbaji wadogo wanapooshea dhahabu, kwa sababu ya zebaki. Chukueni mawe meupe ya kwatzi au ya mtoni, kutoka juu ya mkondo, mgodi ukiwa chini yake. Ukiwa na shaka, loweka jiwe kwenye ndoo pamoja na konokono wachache wa mtaroni kwa wiki mbili. Wakila na kutembea kama kawaida, endelea.

Vipande vya mawe ya matumbawe vilivyobaki kwa fundi wa ujenzi vinafaa kwa tangi la maji baridi? Nina gapi na samaki wa dhahabu.
*Msomaji wa Kisauni, Mombasa*

Vinafaa kwa hao ulio nao. Matumbawe ni chokaa. Yanayeyuka taratibu na kupandisha ugumu wa maji na pH hadi kuzunguka 8. Gapi, moli na plati wanaishi vizuri hapo, samaki wa dhahabu hana neno, na samaki wa Ziwa Nyasa na Tanganyika watakushukuru. Usiweke neoni wala diskasi, samaki wanaopenda maji laini. Kama maji yako ni ya kisima, pima ugumu wake kabla, kwa sababu visima vingi vya pwani tayari vina maji magumu na huenda huhitaji nyongeza yoyote.

Matumbawe ya jengo yana vitundu vingi vinavyoshika uchafu na kingo zinazochana mapezi. Yapige msasa pembeni, uyaloweke wiki moja ukibadilisha maji kila siku ili chumvi itoke. Na liwe la jengo kweli. Usiende kuvunja mwambani wala kuokota ufukweni ndani ya hifadhi ya bahari. Matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hilo linahusu hata mifupa yake, si yaliyo hai pekee.

Tangi langu ni sentimita 150 kwa 50 kwa 50, mbuna 14, na nimewajengea pango moja kubwa zuri sana katikati. Dume mmoja wa auratus amelifanya ni lake, wengine wamebanwa juu kwenye kona karibu na hita. Wawili wamekufa. Nimwondoe?
*Msomaji wa Kasarani, Nairobi*

Ndiyo, mwondoe, lakini usipobomoa pango atarithiwa na mwingine ndani ya siku mbili. Kasri moja huzaa sultani mmoja.

Mbuna ni samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Kule ziwani anayeshindwa ugomvi anakimbia mita kumi na mambo yameisha. Kwako mwisho wa dunia ni sentimita 150. Kazi ya mawe ni kumfichia mnyonge machoni mwa mbabe. Badala ya pango moja jenga vilima vitatu visivyolingana, vikitengwa na uwazi wa mchanga wa sentimita 20 hivi. Ukichuchumaa na kuangalia kwa usawa wa samaki, usione ukuta wa pili wa tangi kutoka ukuta wa kwanza. Hicho ndicho kipimo. Ukiweza kuona, na auratus anaona.

Matundu yawe mengi na madogo, mlango wa sentimita 5 hadi 7, yazidi idadi ya madume. Kila tundu liwe na njia mbili, ya kuingilia na ya kutokea upande wa pili. Pango lenye mlango mmoja ni mtego: anayekimbizwa anaingia, mbabe anasimama mlangoni. Tumia vipande vya bomba la PVC la inchi 2, urefu wa sentimita 12, uvisugue kingo kwa msasa na kuvificha nyuma ya mawe. Havionekani, na jike aliyebeba mayai mdomoni atahamia humo.

Hakikisha pampu inasukuma maji nyuma ya vilima. Mawe mengi bila mkondo huwa jalala. Kinyesi kinatulia ndani, nitreti inapanda, na unashangaa maji ni maangavu lakini samaki wanahema juu juu.

Ukiongeza samaki wapya, hamisha mawe siku hiyo hiyo, zima taa, waingize gizani. Wote wanaamka kwenye mtaa mgeni na hakuna mwenye hati ya kiwanja. Kila dume awe na majike watatu au zaidi. Na auratus, tuseme wazi, hatumshauri mtu yeyote mwenye tangi chini ya lita 400.

Dukani wanauza taa ya tangi kwa bei ya kunitoa machozi. Fundi wangu anasema balbu za LED za kawaida zinafaa. Tangi ni lita 180, urefu sentimita 100, mawe na anubiasi tu. Nichukue wati ngapi? Pia umeme kwetu hukatika sana.
*Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam*

Fundi yuko sahihi, ila swali la wati liache. Wati zinakuambia LUKU italiwa kiasi gani. Mwanga unasomwa kwa lumeni, na umeandikwa kwenye boksi. Tangi la mawe lisilo na mimea linahitaji lumeni 10 hadi 15 kwa lita. Lenye anubiasi na mimea mingine ya kivulini, 15 hadi 20. Wewe lenga lumeni 2,700 na usizidi 3,600. Bustani ya nyasi za chini inataka 40 kwa lita na kuendelea, pamoja na mtungi wa kabonidioksidi, na hiyo ni gharama ya aina nyingine.

Balbu ya LED ya wati 9 hutoa karibu lumeni 800, lakini ni ya duara na nusu ya mwanga huenda darini. Tyubu za LED za sentimita 60, wati 9 kila moja, zinamulika upande mmoja na kutoa kama lumeni 900. Chukua tatu: mbili zipangwe sambamba juu ya tangi, zikipishana katikati, ya tatu juu ya sehemu yenye anubiasi. Jumla wati 27. Kwa saa 8 kwa siku ni uniti 6 na nusu hivi kwa mwezi. Mbadala ni taa mbili za LED za nje, zile bapa za ukutani, za wati 15 hadi 20 kila moja, zikining'inia sentimita 20 juu ya maji. Hizi zina faida moja ambayo tyubu hazina: mwanga wake unatoka mahali padogo, kwa hiyo mawimbi ya juu yanachora mistari inayocheza juu ya mchanga na mawe, kama jua la saa nne kwenye maji ya kina kifupi. Tyubu hutoa mwanga uliosambaa, usio na vivuli. Kwa tangi la mawe sisi tunapiga kura kwa taa bapa.

Rangi ya mwanga, inayopimwa kwa kelvini (K), chagua 6,500 K. Ya 3,000 K hufanya maji yaonekane kama chai. Ya 10,000 K huelekea buluu na hufaa zaidi maji ya bahari. Angalia pia kipimo cha uhalisia wa rangi, kwenye boksi huandikwa CRI au Ra. Kisiwe chini ya 80, na 90 ni bora.

Funga taa kuelekea theluthi ya mbele ya tangi. Ikikaa nyuma, samaki anayekuja mbele unaona kivuli chake tu, ubavu wenye rangi uko gizani. Paka kioo cha nyuma rangi nyeusi, kwa nje. Mawe yatasogea mbele machoni na nyaya zitapotea.

Kuhusu umeme: taima ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme unapokatika. Ukikatika kwa muda wa saa tatu kila siku kwa siku nne, taima imechelewa saa 12 na taa yako inawaka usiku wa manane. Ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya mwani tunayopokea. Nunua taima ya kidijitali yenye betri ndani. Mwezi wa kwanza weka saa 6 kwa siku, halafu panda hadi 8. Taa ya sebuleni iwashwe kabla ya ya tangi, kwa sababu samaki aliyeshtuliwa na mwanga wa ghafla hukimbilia mbele, na mbele kuna jiwe.

Usalama usiufanyie mzaha. Taa iwe na alama ya IP65, yaani isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushwa. Waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kuingia, ili tone la maji lidondokee sakafuni. Ekstensheni ining'inizwe ukutani, isilale chini ya tangi. Na mwambie fundi akufungie kikata-umeme cha miliampea 30, kile kinachojizima umeme unapovuja.

Nina nyererei sita niliowapata kwa mfugaji hapa Uholanzi. Kwenye picha wana wekundu wa kung'aa mgongoni, kwangu wanafanana na majivu. Taa yangu ina rimoti ya rangi, huwa naweka ya machungwa jioni. Nataka pia kuongeza pundamilia wa buluu wakae pamoja. Mnasemaje?
*Msomaji wa Rotterdam*

Tunasema rimoti ifungiwe kabatini, na wa buluu wabaki dukani.

Samaki huyo, Pundamilia nyererei, alielezwa kisayansi mwaka 1985 na watafiti Waholanzi waliofanya kazi Mwanza, wakampa jina la Mwalimu. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ana dume wa buluu-kijivu. Katika Ziwa Victoria maji hula mwanga wa buluu mapema, kwa hiyo kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unavyoelekea machungwa na wekundu. Wa buluu hukaa juu, mwekundu chini zaidi, kila mmoja mahali rangi yake inapoonekana. Majike wa aina hizo mbili wanafanana mno, na wanachagua dume kwa rangi.

Mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake waliliweka jambo hili kwenye matangi miaka ya 1990. Chini ya mwanga mweupe majike walichagua madume wa aina yao. Chini ya mwanga wa machungwa pekee, uliofuta tofauti ya wekundu na buluu, walichanganya. Utafiti huo ulieleza pia kinachotokea ziwani kwenyewe, pale maji yalipochafuka na mwanga kupungua: aina zilizoishi kando kwa kando zikaanza kuchanganyika. Kwa hiyo taa yako ya jioni pamoja na pundamilia kwenye tangi moja ni kichocheo cha machotara, na machotara hao wataingia sokoni kwa jina la nyererei. Ulaya wapo wafugaji wanaotunza ukoo wa samaki hawa kwa uangalifu, usiwaharibie.

Sasa kuhusu majivu. Wekundu hauonekani kama taa haina wekundu ndani yake, na LED nyingi za bei rahisi zina upungufu hapo hapo. Tafuta taa nyeupe ya 5,000 hadi 6,500 K yenye CRI ya 90 au zaidi, lumeni 10 kwa lita, isizidi. Mchanga uwe wa rangi ya giza. Juu ya mchanga mweupe samaki hujififisha. Panga mawe ya duara yakishuka taratibu kutoka kona moja hadi mchangani, kama miamba inavyoshuka kwenye kisiwa cha Makobe, Ziwa Victoria, ili dume mkuu apate kiota chake na wengine wapate daraja zao.

Tena, katika sita walio pamoja, dume mmoja ndiye huvaa nguo za sherehe. Madume wanyonge hubaki kijivu hata ukiwamulika kwa jua lenyewe. Kama hakuna hata mmoja mwenye rangi baada ya wiki tatu za taa nzuri, huenda umeuziwa majike watupu.

Wiki ya tatu tangu nijaze maji, mawe yote yamevaa vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole. Nipunguze taa?
*Msomaji wa Morogoro*

Hapana. Ni mwani wa kahawia wa matangi mapya, unakula silika iliyomo kwenye maji na mchanga. Hujiondokea wenyewe mwezi wa pili. Futa kioo cha mbele, mawe yaache. Ukibadilika kuwa kijani kibichi kilichoshika, furahi, hasa kama una mbuna, kwani ndicho chakula chao. Ukigeuka utando wa kijani-buluu unaonuka na kuvuka kama ngozi, huo ni bakteria: ufyonze kwa mpira, ongeza mkondo nyuma ya mawe, zima taa siku tatu na ufunike tangi.

Kuchemsha mawe ili kuua vijidudu, dakika ngapi?
*Msomaji wa Bujumbura*

Sifuri. Jiwe lenye unyevu au hewa ndani linaweza kupasuka sufuriani na kurusha vipande vya moto. Lisugue kwa brashi ya nailoni, si ya waya, kwa sababu waya huacha chembe za chuma. Liloweke saa 24 kwenye maji lita 19 yaliyochanganywa na lita moja ya jiki isiyo na harufu ya maua wala sabuni, suuza mara tatu, kisha lianike juani hadi harufu ya klorini iishe kabisa. Jiwe lenye vitundu vingi lianike wiki nzima. Pua yako ikisema bado, ni bado.